Klachi ya Gari la Kikundi: Tafuteni Ubovu Kabla ya Kulipa



Vikundi kadhaa vinavyosoma jarida hili vina pikapu. Gari la kikundi si kama gari la mtu mmoja. Limenunuliwa kwa mayai, kwa maziwa, kwa vikapu na kwa shilingi za kila wiki. Likisimama, boma nyingi zimesimama. Kwa hiyo leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho hula pesa nyingi za vikundi, nacho ni klachi.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kina pikapu ya kupeleka mboga sokoni. Usiku gari hilo hilo ndilo huchukua wagonjwa na akina mama wajawazito. Muda mfupi kabla ya mvua ndefu, gari likaanza kukataa gia. Dereva akasema, "Hii gari inakwaruza, hata rivasi haiingii." Fundi aliyeitwa hakuinama hata mara moja kutazama chini. Alikanyaga pedali mara mbili, akasema, "Klachi imekwisha. Tunashusha giaboksi."

Akina mama walitoa pesa walizoweka za mbegu na mbolea. Giaboksi ikashushwa, pleti mpya ikatiwa, gari likatembea. Siku ya tano gia zikakataa vile vile.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema dereva ameharibu gari. Wengine wakauliza kwa sauti ya chini kama kweli pleti ilinunuliwa kwa bei ile. Mweka hazina alikuwa na risiti zote, lakini nani anasoma risiti wakati moyo umechomeka? Dada yule akaacha kuja mkutanoni.

Baadaye aliitwa fundi mwingine, mzee mtaratibu. Alifungua boneti, akatazama kikopo cha mafuta ya klachi, akakikuta karibu kitupu. Akaingia chini, akavuta mpira wa vumbi wa silinda iliyo ubavuni mwa giaboksi, na mafuta yakamtiririkia mkononi. "Mama," alimwambia mwenyekiti, "pleti yenu haikuwa na shida. Ni hii raba iliyowala." Raba yenyewe ilikuwa pana kama ukucha wa kidole gumba. Fundi wa kwanza alikuwa ameongeza mafuta wakati wa kurudisha giaboksi, na hiyo ndiyo sababu gari lilitembea siku nne. Mafuta yalipovuja tena, ugonjwa ukarudi.

Hatuandiki haya ili kuwadharau mafundi. Wengi ni watu waaminifu, na wengine ni wanachama wa vikundi vyetu. Lakini mgonjwa asiyejua kueleza anapoumwa atapewa dawa yoyote. Kikundi kikielewa mambo machache, kitaweza kuuliza, "Fundi, tuonyeshe ubovu uko wapi," kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KLACHI HUFANYA KAZI GANI?

Aliyewahi kuona mashine ya posho anajua kwamba ukanda ukilegezwa, injini inaendelea kuzunguka lakini mashine inasimama. Ukikazwa, mashine inasaga. Klachi ni kama ule ukanda. Ukikanyaga pedali, injini na giaboksi zinaachana, na unaweza kubadilisha gia. Ukiachia pedali, zinashikana tena na gari linakwenda.

Katikati ya injini na giaboksi kuna pleti ya klachi. Hiyo hubanwa na chuma chenye springi za nguvu kiitwacho presha pleti. Ili pleti iachiwe, lazima kitu kisukume zile springi. Kitu hicho ni beringi, ambayo nayo husukumwa na uma wa chuma.

Je, nguvu ya mguu wa dereva inafikaje kwenye uma? Kuna magari yanayotumia kebo, yaani waya kama wa breki ya baiskeli. Hayo hatuyazungumzi leo. Magari mengi ya kazi, kama vile Toyota Hilux na Land Rover zenye gia za mkono, hutumia mafuta. Yana silinda ya juu karibu na pedali, ambayo mafundi huiita masta, na silinda ya chini kwenye giaboksi, ambayo huiita slevu. Kati yao kuna paipu. Dereva akikanyaga, masta inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma slevu, slevu inasukuma uma.

Mnaweza kujionea haya mkutanoni. Chukueni bomba mbili mpya za sindano, bila zile ncha zake kali. Ziunganisheni kwa kipande cha mpira mwembamba, na mzijaze maji pamoja na ule mpira. Mkisukuma moja, ya pili inatoka mara moja. Sasa acheni hewa kidogo iingie ndani, msukume tena. Mtaona ya kwanza inasogea lakini ya pili inachelewa. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Hivyo ndivyo klachi inavyoumwa. Mafuta yakivuja, hewa inaingia, na nguvu ya mguu inapotea njiani.

MAGONJWA NI MAWILI, MSIYACHANGANYE

La kwanza ni klachi isiyoachia. Dereva amekanyaga pedali mpaka chini, lakini injini na giaboksi bado zimeshikana. Gia zinakwaruza, hasa rivasi. Gari linataka kujisogeza lenyewe ingawa pedali imekanyagwa. Mara nyingi pedali ni laini, au inashuka mpaka sakafuni. Hapa mshukiwa wa kwanza ni mfumo wa mafuta: masta, slevu, paipu au hewa.

La pili ni klachi isiyoshika. Gia zinaingia vizuri, lakini mlimani injini inapiga kelele na gari haliongezi mwendo. Wakati mwingine kuna harufu ya kitu kinachoungua. Hapa mshukiwa ni pleti yenyewe. Huenda imekwisha, au imelowa oili inayovuja kutoka kwa injini.

Gari la wale akina mama lilikuwa na ugonjwa wa kwanza, likapewa dawa ya ugonjwa wa pili.

MAJARIBIO MANNE YASIYOHITAJI SPANA

Egesheni gari mahali tambarare, mvute hendibreki, na watu wasisimame mbele wala nyuma.

1. Jaribuni gia injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma, pedali ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, lakini zikwaruze ikiwa inanguruma, basi klachi haiachii. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, huenda shida iko kwenye giaboksi au vyuma vya kubadilishia gia.

2. Injini ikinguruma, pigeni pampu pedali haraka mara tano au sita, kisha mjaribu gia tena. Kama sasa inaingia, mafuta yamepungua, kuna hewa ndani, au raba imechoka.

3. Zimeni injini. Kanyageni pedali na kuishikilia chini kwa mguu kwa dakika moja. Ikianza kuzama polepole yenyewe, na hakuna mafuta yanayoonekana nje, raba ya ndani ya masta inapitisha. Dereva atakuwa ameliona hili barabarani: anangoja na gia ya kwanza ndani, na gari linaanza kujisogeza.

4. Kama mnashuku kwamba klachi haishiki, wekeni gia ya tatu, hendibreki ikiwa imekazwa sana, na mwachie pedali taratibu. Injini inapaswa kuzima. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, pleti inateleza. Fanyeni hivi mara moja tu, kwa maana kurudia kunaichoma zaidi.

SASA TAZAMENI KWA MACHO

Kwanza, tazameni kikopo cha mafuta ya klachi ndani ya boneti. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mafuta ya breki hushuka polepole kadiri breki zinavyolika, na hilo ni la kawaida. Mafuta ya klachi hayashuki kwa sababu ya pleti kulika. Yakishuka, kuna mahali yanavuja. Mkiongeza leo na kuongeza tena wiki ijayo, msinyamaze. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika baadhi ya magari, breki na klachi hutumia kikopo kimoja. Kama lenu ni la namna hiyo, uvujaji wa klachi ni jambo la breki pia. Gari lisibebe watu mpaka limekaguliwa.

Pili, pitisheni kidole pale ambapo chuma cha pedali kinaingia kwenye ukuta wa bati, juu ya miguu ya dereva. Pakiwa na unyevu wa mafuta, masta inavuja.

Tatu, fuateni paipu kutoka juu mpaka chini. Tazameni kama imepasuka, imeliwa na kutu, au sehemu yake ya mpira imevimba.

Nne, nendeni kwenye slevu. Inueni ukingo wa mpira wa vumbi. Mafuta yakitoka, raba ya ndani imekwisha.

Tano, injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage pedali na mwingine atazame kijiti kinachotoka slevu. Katika magari mengi madogo husogea kiasi cha sentimita moja na nusu hivi. Kikisogea kidogo tu, ugonjwa uko kwenye mafuta. Kikisogea vizuri na kwa nguvu, na bado gia zinakataa, ubovu uko ndani. Hapo ndipo fundi ana haki ya kusema, "Tushushe giaboksi." Na ikishushwa, badilisheni beringi pamoja na pleti, maana kazi ya kuishusha mara ya pili ni ghali kuliko beringi.

Tahadhari moja: yako magari ambayo slevu yake imo ndani, kati ya injini na giaboksi. Hiyo haionekani. Mafuta ya klachi yakidondoka kutoka pale injini na giaboksi zinapoungana, hakuna njia ila kushusha. Lakini hata hapo, fundi awaonyeshe matone kwanza.

KUTOA HEWA

Kazi hii inahitaji watu wawili na dakika kama thelathini. Mnahitaji mafuta mapya ya breki, spana ya duara inayotosha skrubu ndogo ya slevu, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na chupa safi.

Panguseni vumbi kwenye kifuniko cha kikopo kabla ya kukifungua, kisha mjaze mafuta. Pitisheni mpira kwenye skrubu ya slevu, na ncha nyingine izame ndani ya mafuta kidogo mliyotia kwenye chupa. Aliye juu akanyage pedali taratibu mpaka chini, aseme, "Nimeshika." Aliye chini afungue skrubu nusu ya mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka. Afunge, aseme, "Achia." Aliye juu aachie pedali taratibu, na kama hairudi aivute kwa mguu. Rudieni mpaka yatoke mafuta bila povu hata moja.

Jambo kubwa ni hili: pedali isiachiliwe kabla skrubu haijafungwa, na kikopo kisikauke katikati ya kazi. Yakitokea hayo, hewa inaingia upya na mnaanza mwanzo. Skrubu hiyo ni laini, msiikaze kama nati ya gurudumu.

Kutoa hewa bila kuziba uvujaji ni kufagia huku paa linavuja. Hewa haikuja yenyewe.

KUBADILISHA RABA

Raba za slevu na masta huuzwa kwa seti. Fundi aende dukani na ile ya zamani mkononi, ailinganishe na mpya. Akishaifungua silinda, aipanguse ndani kwa mafuta ya breki au spiriti, asitumie petroli wala mafuta ya taa. Kisha aitazame penye mwanga. Ikiwa ndani ni laini kama kioo, raba mpya zitafaa. Ikiwa kuna mikwaruzo au vishimo vya kutu, raba mpya itakatwa baada ya muda mfupi. Hapo nunueni silinda nzima. Raba ipakwe mafuta ya breki, na mdomo wake mpana uelekee upande wa mafuta. Ikigeuzwa, haitashika.

Kwenye masta, pedali lazima iwe na nafasi ndogo ya kucheza, milimita chache, kabla kijiti hakijagusa pistoni. Kama haina nafasi, mafuta hayarudi yote kwenye kikopo, klachi inabaki imekanyagwa kidogo siku zote, na pleti inaungua.

MAFUTA GANI?

Tumieni mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari. Kwa magari mengi ni DOT 3 au DOT 4. Msitie oili ya injini, dizeli, wala mafuta ya kupikia, hata kijiko kimoja. Raba zitavimba, na mtabadilisha kila kitu. Wengine wakiwa njiani hutia maji. Maji huleta kutu ndani ya silinda.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mkebe ufungwe vizuri, na mafuta yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Pia ni sumu. Msiyaweke kwenye chupa ya soda ambapo mtoto atayaona. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, oshweni kwa maji mara moja.

TUCHUNGE MAISHA

Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Wekeni magogo imara chini ya chasisi na vizuizi nyuma ya magurudumu. Mawe ya kujengea hupasuka ghafla, msiyategemee. Na giaboksi ikishushwa, vumbi la pleti ya zamani lisipulizwe, kwa maana pleti nyingine za zamani zina asbesto inayodhuru mapafu. Panguseni kwa kitambaa kilicholowa maji.

DEREVA NAYE ASAIDIE

Mguu usipumzike juu ya pedali ya klachi. Mlimani, gari lishikwe kwa breki, si kwa klachi. Na mzigo usizidi. Gunia moja la kuongeza leo linaweza kula pleti ya mwaka mzima.

KANUNI TUNAYOPENDEKEZA

Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tufanye hivyo. Kikundi kichague watu wawili, mmoja asiwe dereva. Kila wiki waandike daftarini kiasi cha mafuta kwenye kikopo. Gari likiugua, wawe pamoja na fundi, waonyeshwe ubovu, waandike walichokiona, ndipo mweka hazina atoe pesa. Spea ya zamani irudi ofisini na iwekwe mezani siku ya mkutano. Hivyo mweka hazina hasimami peke yake mbele ya maneno ya watu.

Wale akina mama walifanya hivyo. Katika mkutano uliofuata, mwenyekiti aliweka mezani ile raba ndogo iliyopasuka, na kando yake ile pleti ya zamani iliyokuwa bado nzima. Akamtuma kijana kwenda kumwita dada mweka hazina. Alipofika, mwenyekiti alisimama na kumwomba msamaha mbele ya wote, kwa niaba ya kikundi. Pesa za mbegu hazikurudi, na msimu ule walipanda kwa kukopa. Lakini daftari la kikopo lipo mpaka leo, na dada yule ndiye analishika.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, kuna anayejua klachi ya gari letu inatumia kebo au mafuta? Kikopo chake kiko wapi?
2. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, tulionyeshwa ubovu, au tuliambiwa tu?
3. Spea za zamani huenda wapi?
4. Je, yuko mtu kikundini tuliyemshuku bila ushahidi, ambaye tunapaswa kumwendea?